Kufufuliwa kwa Timorasso: Mzabibu Uliokaribia Kutoweka

Makala haya yanachunguza jinsi Timorasso, zabibu nyeupe ya asili ya vilima vya Tortona katika jimbo la Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, ilivyonusurika kutoweka. Inadaiwa hapa kwamba aina ya mzabibu haiokolewi kwa kuhifadhiwa tu. Sharti itumiwe, tena kwa jina lake.

Yafaa kuanza na neno. Mkulima wa kwetu husema 'mbegu' akimaanisha aina ya zao: mbegu hii ya mahindi, mbegu ile ya muhogo. Kuhusu mzabibu, neno hilo laweza kupotosha. Kokwa ya zabibu ikioteshwa hutoa mche usiofanana na mzazi wake. Aina hudumishwa kwa vipandikizi vinavyokatwa kwenye mzabibu ulio hai, mithili ya pingili za muhogo. Hivyo basi, kila Timorasso ni kipande cha mzabibu wa kale, na wa mwisho ukishang'olewa, hakuna kokwa itakayourejesha.

Katika karne ya 19, filoksera, mdudu mdogo mwenye asili ya Amerika anayeshambulia mizizi, aliangamiza mashamba mengi ya Ulaya. Tiba iliyopatikana ilikuwa kuipachika mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya Kimarekani yaliyostahimili mdudu huyo. Kupanda upya kukawa pia kuchagua upya. Timorasso ni sumbufu: maua yake hayashiki vyema, tunda hupukutika, na mavuno hayatabiriki. Cortese, zabibu nyeupe ya ujirani huo huo, huzaa kwa wingi. Barbera, iliyo nyekundu, nayo ilikuwa na soko. Ni rahisi kuwalaumu waliong'oa Timorasso, ila mtu anayeuza zabibu kwa kilo na ana watoto wa kulisha angefanya nini?

Kufikia miaka ya 1980, ilisalia mizabibu michache iliyotawanyika. Walter Massa, mkulima wa kijiji cha Monleale, hakuichanganya na zabibu nyingine. Mnamo 1987 alitengeneza mvinyo wa Timorasso pekee. Ulikuwa mvinyo mzito, wenye uchachu thabiti, na ambao, kinyume na mivinyo mingi myeupe, huzidi kunoga ukikaa chupani kwa miaka. Sifa hiyo isingalijulikana lau zabibu hizo zingebaki kwenye shamba la utafiti.

Majirani wake walianza kupanda. Baadaye mvinyo huo ukapewa jina Derthona, jina la Tortona enzi za Warumi, ili mnywaji aulizie mahali na si tunda tu. Katika miaka ya 2010, watengenezaji mashuhuri kutoka Barolo walianza kununua ardhi kwenye vilima hivyo, wakapanda zabibu ile ile ambayo wazee wa huko waliing'oa.