Takadini Umemsoma, au Umesimuliwa?

Mdogo wangu wa Ujiji, barua yako nimeirudia mara mbili. Uko Kidato cha Nne, nakala za riwaya ya Takadini shuleni hazitoshi, na mama akirudi na simu kutoka mwaloni Kibirizi unaingia kwenye programu ya masomo: muhtasari, dhamira, wahusika, kisha maswali ya kuchagua. Unapata tisa kwa kumi. Ukipewa insha, mistari minne tu umekwama. Unaniuliza, dada, nina kichwa kigumu?

Huna. Mtihani wetu umezoea kudai hoja tatu kwa kila kitabu, basi na wanaoandaa notisi za mtandaoni wanakikata kitabu vipande vitatu, kama mgebuka unaokwenda kikaangoni. Ukishavikariri, huna cha kuongeza. Sekai anayetoroka na mwanawe mwenye ualbino ili asiuawe hukumwona. Umeambiwa tu "imani potofu".

Na kitabu hicho kinatuhusu sana sisi wa Kigoma, ingawa mwandishi wake, Ben Hanson, alikiweka Zimbabwe. Baada ya mauaji ya watu wenye ualbino ya 2007 na 2008, watoto walikimbiziwa kwenye kituo cha Kabanga, hapo Kasulu, wengine wakiwa na mama zao. Kina Sekai wetu hao! Programu inayomfundisha mtoto wa Tanga na wa Uvinza kwa maneno yaleyale haitakuletea Kabanga kwenye insha. Muulize bibi yako miaka ile watu walisema nini, nani alinyamaza. Akikuruhusu, mrekodi kwa simu hiyohiyo.

Sikukatazi mtandao. Shule zilipofungwa Machi 2020, wengi waliushika huo huo. Tovuti ya Shule Direct ipo tangu 2013, na Taasisi ya Elimu ina maktaba yake mtandaoni. Kwa mtoto asiye na mwalimu wa somo, hiyo ni neema. Ninachokuomba ni kugeuza mpangilio: kitabu kwanza, muhtasari baadaye, maswali ya kuchagua mwisho kabisa. Kiazime hata kwa siku tatu. Sisi tulikuwa sita kwa kitabu kimoja, mmoja akisoma kwa sauti, na ugomvi wetu juu ya wahusika ndio ulionifundisha kuandika.

Insha yako ijayo nitumie, mdogo wangu. Nataka kusoma ulichokiona kwa Sekai, hata kama hoja hazijafika tatu.