Jina lako liandikwe kabla ndege haijaruka

Mama mmoja mchuuzi wa Walikale, mashariki mwa Kongo, ameniandikia. Ndugu yake alipanda ndege ndogo ya mzigo, akaketi juu ya gunia la kasiterite, mawe ya madini ya bati, tiketi hana. Ndege ikatua vibaya, mguu ukavunjika. Alipodai matibabu, mwenye ndege alimjibu: "Humo kwenye orodha yetu. Hatukujui."

Mama, jibu hilo si geni kwangu. Vita inapofunga njia ya Sake na Masisi, watu hukimbilia ndege za madini, zikiwemo zile zilizozoea kutua Kilambo, mahali ambapo barabara yenyewe iligeuzwa uwanja. Anayepokea nauli yako mkononi bila kukuandika hakuhurumii. Anahakikisha kwamba ajali ikitokea, utahesabiwa pamoja na magunia.

Lakini kukosa tiketi hakufuti haki yako. Kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha Sheria ya Madai ya Kongo kinasema aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake lazima amlipe. Hakiulizi tiketi. Mahakama itakachouliza ni ushahidi, basi ujiwekee mapema: piga picha namba ya ndege inayoanza na 9Q, lipa nauli kwa simu ili ujumbe ubaki, na mtumie mtu wa nyumbani saa ya kuruka na jina la kampuni. Ukiletewa karatasi ya kusema "nikifa kampuni isidaiwe", usiitie sahihi. Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999 unaitangaza karatasi kama hiyo kuwa batili. Usikubali ya safari ya ndani ya nchi iwe na nguvu kuliko hiyo.

Ndege ya injini moja ina sharti lake. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zinataka iruke tu kwenye njia, mwanga na hali ya hewa vinavyoruhusu kutua salama injini ikizimika. Usiku au mawinguni zinaweza kuruhusiwa zile za injini ya tabini tu, tena kwa kibali maalumu. Sasa tazama chini ukitoka Masisi: milima, kisha msitu usio na mwisho. Rubani ataishusha wapi?

Masharti yapo, lakini hayamfikii msafiri; hapo ndipo ninapoilaumu sheria yetu. Sheria ya usafiri wa anga namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010 imeandikwa kwa Kifaransa, na makao ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga yako Kinshasa. Mama wa Walikale ataisoma lini, na atamshtakia nani? Ada ya Go-Pass tunalipishwa tangu 2009 kwa ajili ya viwanja, huku watu wetu wakitua barabarani. Na wakubwa wanaosimama kando ya ndege wakihesabu magunia wanawaona abiria, wananyamaza.

Msomaji, kabla ya kutoa pesa, sema: "Andika jina langu, nilione." Wakikataa, usipande.