Tajiri wa Mbinga: Neema au Mzigo?

SWALI: Hapa Mbinga matajiri wanajenga maghorofa na kununua malori. Je, utajiri wao unatusaidia sisi wengine, au unatunyonya?
Mkulima wa kahawa, Mbinga

JIBU: Inategemea fedha hizo zimepatikanaje.

Tajiri anayefungua mashine ya kukoboa, anayeleta malori au kununua injini za mitumbwi kule Mbamba Bay huongeza kitu ambacho hakikuwepo. Vijana hupata vibarua, na usipa wa Ziwa Nyasa hufika sokoni kabla haujaharibika. Huyo ana faida kwa wengine, hata akinenepa kuliko wote.

Shida ipo kwenye magoma, yaani mkopo unaolipwa kwa kahawa. Mkulima wa Kimatengo ana mashamba yake ya mashimo ya ngoro na mibuni yake, lakini miezi ya mwanzo wa mwaka gharama za shule zinambana na kahawa bado ni mbichi mtini. Mwenye fedha humkopesha kwa sharti la kulipwa kahawa wakati wa mavuno. Tuseme amempa shilingi 50,000, kisha akachukua kahawa ya 120,000: hakuna mbuni mpya uliopandwa, wala kilo moja iliyoongezeka. Jasho limehama mfuko tu. Biashara hiyo Bukoba huitwa butura, na kwenye korosho za Mtwara ni kangomba. Inauma, kwa sababu anayeumia ndiye aliyepalilia.

Kuwafukuza matajiri hakutalipa gharama za shule za Januari. Chama cha ushirika, AMCOS au SACCOS, chenye mkopo wa riba nafuu unaotoka kabla ya mavuno, kitamwezesha mkulima kumkatalia mwenye magoma.