Mahali pa Kushonea Nyumbani: Jinsi ya Kuchagua Meza, Kiti na Sanduku

Jirani yetu mmoja alimletea mke wangu yadi sita za kitambaa cheupe, ashone nguo ya arusi ya binti yake. Wakati ule nyumba yetu ilikuwa na sakafu ya udongo, wala hatukuwa na kabati. Mke wangu alikikunja kitambaa vizuri, akakitia katika boksi la karatasi ngumu, akalisukuma chini ya kitanda hata ukutani. Baada ya siku tisa, alipolivuta boksi ili aanze kukata, aliona njia ya udongo iliyotoka ukutani mpaka chini ya boksi. Mchwa walikuwa wamekwisha ingia. Kitambaa kilitoboka toka mkunjo wa kwanza hata wa mwisho.

Tuliuza mbuzi wawili tuliokuwa tumewaweka kwa ajili ya karo ya mtoto, tukanunua kitambaa kingine. Jirani alikipokea, lakini alikipeleka kwa fundi mwingine. Alisema kwa upole, "Dada yangu, kitambaa hununuliwa, siku ya arusi hainunuliwi."

Msomaji, huenda wewe pia nyumbani kwako kuna mtu anayeshona, anayefuma au anayesuka vikapu ili apate fedha kidogo. Watu wengi wakiisha nunua cherehani hudhani kwamba wamekwisha maliza matayarisho. Sivyo. Kitambaa cha mwenzako ni amana, na amana hutaka mahali pake. Basi somo letu ni hili: namna ya kuchagua vyombo vya mahali pa kazi, hata kama mahali penyewe ni pembe moja tu ya chumba.

Kwanza, pima kabla ya kununua

Usianze kwa fundi seremala. Anza kwa kazi yenyewe. Kushona kuna kazi nne: kukata, kushona, kupiga pasi na kuweka akiba. Jiulize kila moja itafanyika wapi. Kisha chukua magazeti ya zamani, uyatandaze sakafuni kwa kipimo cha meza unayoitaka, ukae karibu nayo juu ya kiti. Nyuma ya meza acha nafasi ya futi mbili na nusu, yaani karibu sentimita 75, ili kiti kiweze kurudishwa nyuma na mtu aweze kupita. Ikiwa mlango haufunguki vizuri, ni heri ulijue jambo hilo kwa magazeti kuliko kwa meza iliyokwisha lipiwa.

Angalia na mwanga. Sindano ya cherehani iko upande wa kushoto wa mshonaji. Kwa hiyo dirisha na liwe kushoto kwake. Hata ashonaye kwa mkono wa kuume huona vizuri mwanga ukitoka kushoto, maana kivuli cha mkono hakiangukii kazi. Lakini usiweke vitambaa mahali panapopigwa na jua, kwa sababu jua hufifisha rangi. Katika nchi yetu, iliyo katikati ya dunia, dirisha linaloelekea kaskazini au kusini huleta mwanga mzuri kuliko lile la mashariki au magharibi, ambalo huchomwa na jua la asubuhi au la jioni.

Pili, meza na kiti

Meza ya kukatia na meza ya kushonea hazina kimo kimoja. Mtu hukata akiwa amesimama. Meza ya inchi 36, yaani karibu sentimita 90, huwafaa watu wengi, wala mgongo haupindiki. Mwenye chumba kimoja tu, kama wengi wakaao mjini, aweza kumwambia seremala aufunge ubao ukutani kwa bawaba, na chini yake mguu wa kukunja. Kazi ikiisha, ubao huteremshwa, na watoto hupata mahali pa kulala.

Meza ya cherehani ya mkono yapaswa kuwa fupi zaidi. Ukiiweka juu ya meza ya kulia chakula, kazi huinuka karibu na mabega, na jioni shingo huuma. Kaa kitini, nyayo zako zikikanyaga sakafu sawasawa, uweke mikono yako juu ya kazi: viwiko viwe karibu sawa na kimo cha kazi, na mabega yasiinuliwe. Kiti kisiwe na mikono, bali kiwe na mgongo wa kuegemea. Stuli ni ya bei nafuu, lakini mtu hawezi kuikalia kutwa bila kuchoka.

Tatu, sanduku au kabati

Ikiwa fedha zako zatosha kitu kimoja tu, nunua sanduku kabla ya meza. Meza yaweza kuazimwa. Usalama wa kitambaa cha mtu hauazimwi.

Uliza mbao zimetoka mti gani. Mvule hustahimili mchwa, na vilevile mtarakwa wa milimani, ambao harufu yake huwachukiza nondo. Lakini angalia: nguvu hiyo imo katika moyo wa mti, wala si katika mbao nyeupe za kando, karibu na gome. Seremala asiye mwaminifu huzichanganya, kisha huficha kwa rangi. Kwa hiyo tazama sanduku kabla halijapakwa rangi. Tena hakikisha kwamba mbao ni kavu. Mbao mbichi hunywea na kupinda. Kifuniko hakifungi, na mtoto wa meza hukwama.

Sanduku lisikae juu ya ardhi wala lisiguse ukuta. Liwe na miguu, na kila mguu usimame ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya motakaa. Ukitia maji badala ya mafuta, yamwage kila juma, maana mbu hutaga mayai ndani ya maji yaliyotulia. Kila Jumamosi toa vitu vyote, upanguse, utazame kama kuna njia ya udongo. Mchwa huja kimya. Macho yako ndiyo mlinzi.

Kila kitambaa cha mtu kifungwe peke yake, pamoja na karatasi yenye jina lake, vipimo vyake na siku aliyoahidiwa. Nguo za sufu ziwekwe zikiwa safi na kavu, kwa sababu nondo hupenda sufu yenye jasho. Sindano, vifungo na mikasi viwe ndani ya makopo yenye vifuniko, juu ya rafu ambayo mtoto haifikii. Mafuta ya taa yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda: mtoto mwenye kiu hasomi, hunywa.

Sanduku letu la kwanza lilikuwa la mtarakwa, lenye kufuli, na lilimaliza akiba yetu yote. Jirani yule hakuleta kazi kwa muda wa mwaka mzima. Kisha siku moja alikuja na sare za shule za wajukuu wake. Hakuuliza bei. Aliomba kwanza aonyeshwe mahali zitakapowekwa.

Maswali ya kuzungumzia katika chama chenu

1. Kwa nini sanduku lisiguse ukuta, hata kama miguu yake imo ndani ya mafuta?
2. Utajuaje kama kimo cha meza yako kinakufaa?
3. Leo hii, kitambaa cha mwenzako kiko wapi nyumbani kwako?