Kagua Majani Sita: Somo kwa Kamati za Sharika



Nuru ni programu ya simu inayotambua magonjwa ya muhogo, kama batobato na michirizi ya kahawia, kwa akili mnemba. Ilifunzwa kwa picha za majani, zikiwemo za mashamba ya Tanzania, na hufanya kazi hata pasipo intaneti.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa Nuru ilipatia kwa asilimia 65, maafisa ugani 40 hadi 58, na wakulima 18 hadi 31. Kila mche ulipokaguliwa majani sita, usahihi wa Nuru ulifika asilimia 74 hadi 88.

Tunajifunza nini? Simu husaidia zaidi ikishikwa na mtu aliyefundishwa. Hata hivyo, kwa asilimia 88, majibu 12 kati ya 100 hukosewa. Mkulima wa Dodoma aking'oa muhogo kwa kosa hilo, amepoteza akiba yake ya mwaka wa njaa. Hivyo bajeti ya simu iende pamoja na mafunzo na nauli ya bwana shamba.

Maswali ya kujadili:
1. Nani katika usharika wetu afundishwe?
2. Simu na bwana shamba wakitofautiana, tufanye nini kabla ya kung'oa?