Kitabu Katika Nchi ya Ugeni

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 2 Wafalme 5:1-15, Nehemia 8:1-8, Mwanzo 50:15-21, Yohana 4:35-38, Kumbukumbu la Torati 10:17-19, Ufunuo 3:20.

Fungu la kukariri: Yeremia 15:16. Liandike kwa mkono wako, kisha ulisome kwa sauti kila asubuhi ya juma hili.

Ukikaa asubuhi kwenye kituo cha mabasi Muheza, utawaona: binti ameshika mkoba mdogo, anakwenda Dar es Salaam kulea mtoto wa watu, kijana anakwenda Tanga kwa mjomba kusoma. Tunauliza kama wana nauli. Ni mara chache tunauliza watakutana na neno gani huko waendako.

Juma hili tutajifunza habari za watoto waliokutana na Neno la Mungu mbali na kwao. Wengine wamo katika Biblia. Wengine waliishi ng'ambo ya bahari yetu wenyewe.

JUMAPILI: Binti asiye na jina

Soma 2 Wafalme 5:1-4. Binti huyu hakusafiri kwa hiari, alitekwa. Hakuwa na gombo wala mzazi wa kumkumbusha. Alichokuwa nacho ni yale aliyoyasikia nyumbani kabla ya kutekwa, nayo yakatosha kumwonyesha bwana wake njia ya kupona. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

*Kama mtoto wako angeondoka kesho, ni mafungu gani ya Biblia angeondoka nayo kichwani?*

JUMATATU: Herufi za risasi

Mwaka 1864 Askofu Tozer na Dk. Edward Steere, wamisionari wa Kianglikana, walifika Unguja. Muda si mrefu Sultani Majid akawakabidhi watoto 5 wa kiume waliotolewa katika jahazi la watumwa. Watoto hao walikuwa wametoka bara, mbali na mama zao na lugha zao. Wengine wengi waliokombolewa wakafuata, na shule yao ikajulikana kwa jina la Kiungani.

Steere alikuwa akitafsiri Maandiko kwa Kiswahili, na misheni ilikuwa na mtambo wa kupiga chapa. Baadhi ya wavulana wakafundishwa kazi hiyo. Wakati ule kila herufi ilikuwa kipande cha risasi, imegeuzwa kama katika kioo. Mpangaji aliziokota moja moja, akapanga neno, kisha mstari, kisha ukurasa. Basi watoto hawa hawakukikuta Kitabu rafuni kimekwisha kujaladiwa. Walikipokea herufi kwa herufi, vidole vikiwa vyeusi kwa wino.

Soma Nehemia 8:8. *Walawi walifanya nini ili watu waelewe? Sisi husoma upesi. Tungeelewa nini zaidi kama tungelazimika kulipanga kila neno kwa mkono?*

JUMANNE: Je, Mungu alipenda utumwa?

Wapo wasemao, "Ilikuwa heri watekwe, maana ndivyo walivyoipata Injili." Tujihadhari na usemi huo. Soma Mwanzo 50:20. Yusufu hakuwaambia ndugu zake kwamba walitenda vema. Aliliita kusudi lao kwa jina lake, yaani baya. Kisha akataja kusudi la Mungu, lililo jema. Ni makusudi mawili, na la pili halilisafishi la kwanza. Mama aliyeporwa mtoto wake alidhulumiwa, hata kama mtoto yule baadaye alikuwa mhubiri.

Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na mahali pale Mkunazini pakajengwa kanisa. Kanisa lile halitufundishi kulisahau soko.

JUMATANO: Shamba tusilolilima

Wawili kati ya vijana wa mwanzo, John Swedi na George Farajallah, waliwekwa kuwa mashemasi wadogo mwaka 1870. Swedi akawa shemasi kamili mwaka 1879. Kazi ile ilivuka pia hadi Magila, karibu na Muheza ya leo, na vijana wa Bonde wakavuka bahari kwenda kusoma Kiungani. Steere alifariki mwaka 1882. Biblia nzima ya Kiswahili ikatoka mwaka 1891.

Soma Yohana 4:37, 38. Wamisionari wa kwanza wa Kiadventista nchini mwetu walifika Upare Kusini mwaka 1903, miaka 12 baadaye. Kitabu kilikuwa kimekwisha kuwatangulia. Tunayo mafundisho ambayo hatukubaliani na ndugu wale. Hata hivyo Neno walilolitoa jasho ndilo lililotuandalia njia. *Tuwashukuruje waliolima kabla yetu?*

ALHAMISI: Mtoto anayekula kwako

Mtoto mgeni yuko mikononi mwako. Chakula chake, kitanda chake na nauli yake ya kurudi viko kwako. Akikubali kusali, umejuaje kama ameamini au ameogopa kufukuzwa? Jambo hili liliwahusu walezi wa Unguja, nalo latuhusu sisi tunaokaa na mabinti wa kazi na watoto wa ndugu.

Soma Kumbukumbu la Torati 10:18, 19. Angalia mpango: Mungu humpa mgeni chakula na mavazi, wala hataji sharti. Kisha soma Ufunuo 3:20. Bwana mwenye nyumba zote hubisha hodi. Basi mpe mtoto mshahara wake wote, mpe usingizi wa kutosha, mpe nafasi ya kusoma, na weka Biblia mahali anapoifikia. Akiifungua mwenyewe, atakachokikuta humo kitakuwa chake.

IJUMAA: Kwa kujadili darasani

1. Je, yuko mtoto au kijana anayeishi kwako ambaye si wa tumbo lako? Bila kumtaja jina, eleza: ana Biblia yake? Ana muda wa kuisoma? Nani humwuliza ameelewa nini?

2. Yeremia 15:16 yasema habari za kuyala maneno ya Mungu. Mtu hawezi kulishwa kwa nguvu akashiba kwa furaha. Linganisha na njia tunazotumia kuwaleta watoto kanisani.

3. Utamjibuje asemaye kwamba mateso ya wengine yalikuwa halali kwa sababu yalileta mema?

4. Darasa lenu lifanye jambo moja: kabla ya Sabato ijayo, mtafuteni kijana mmoja anayejiandaa kuondoka kwenda ugenini. Mwombeeni, mpeni Biblia, na mpeni namba ya simu ya mtu atakayempokea akipiga usiku.