Mgeni na Mwenyeji katika Albamu: Uchunguzi wa Kitenzi "Shirikisha" kwa Kuzingatia Mazingira ya Usambara

Ikisiri

Makala haya yanachunguza dhana ya mwimbaji mwalikwa katika albamu ya studio. Yanadai kwamba kitenzi shirikisha, ambacho ndicho kilichozoeleka katika Kiswahili cha muziki, hufunika maswali matatu yaliyo tofauti: nani ametoa sauti, nani ametunga maneno, na lugha inayosikika ni ya nani. Uzito wa maswali hayo unaonyeshwa kwa mifano ya Tanzania, hususan eneo la Lushoto na milima ya Usambara.

1.0 Utangulizi

Katika muziki wa tripu hopu, uliochipuka Bristol, Uingereza, mwenye albamu aghalabu si mwimbaji mkuu. Kundi la Massive Attack lilimwalika Shara Nelson katika Blue Lines (1991), Tracey Thorn katika Protection (1994), na Elizabeth Fraser katika Mezzanine (1998). Horace Andy wa Jamaika alisikika katika albamu zote tano za studio ambazo kundi hilo lilitoa kati ya 1991 na 2010, na bado alihesabiwa kuwa mwalikwa. Wahenga wamesema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Andy alilishika jembe kwa takriban miaka ishirini. Je, ni kigezo gani kinachomfanya aendelee kuitwa mgeni?

Utengano wa kazi namna hii si jambo geni katika Afrika Mashariki. Katika taarabu ya Tanga, ambako Shakila Said aliimba na Black Star na baadaye Lucky Star, mtunzi wa shairi na mwimbaji waliweza kuwa watu wawili. Kilicho kipya ni istilahi inayotumika kuutaja ushirika huo.

2.0 Muundo wa Kitenzi

Kitenzi shiriki, chenye asili ya Kiarabu, humweka mshiriki katika nafasi ya kiima: "Mwimbaji ameshiriki katika wimbo." Kiambishi cha kauli ya kutendesha kinapoongezwa, uhusiano hugeuka. Katika "Msanii amemshirikisha mwimbaji", mwenye albamu ndiye kiima, na mwimbaji amebaki kuwa yambwa. Aidha, katika kauli ya kutendwa, "mwimbaji ameshirikishwa", mwimbaji hurudi kuwa kiima, lakini si mtenda. Sarufi imekwisha kuamua kwamba wimbo una mwenyewe na kwamba mwingine ameingizwa. Kauli ya kutendana, "wameshirikiana", isingeleta maana hiyo.

Mgawanyo uliopendekezwa na Erving Goffman katika Forms of Talk (1981) unafaa hapa. Goffman anatenganisha mtoa sauti, mtunzi wa maneno, na mwenye kauli, yaani yule ambaye msimamo wake unatangazwa. Mwimbaji anayeimba kiitikio alichoandikiwa ni mtoa sauti tu. Anayekuja na ubeti wake ni mtoa sauti na mtunzi pia. Kitenzi shirikisha hakiwatofautishi.

Inafaa kuzingatiwa kwamba mzizi huohuo umo katika jina la Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 ya Tanzania. Sheria hiyo humtenga mtunzi na mtendaji, nayo hulinda pia sanaa za jadi. Kwa hiyo tofauti ambayo lugha ya jalada huifuta, sheria huihifadhi.

3.0 Ugeni wa Mtu na Ugeni wa Lugha

Katika albamu ya Maasai Hip Hop (2004) ya kundi la X Plastaz la Arusha, mitindo ya uimbaji wa Kimaasai inasikika kwa sauti ya Merege pamoja na rapu ya Kiswahili. Merege alikuwa mwanakundi. Kwa mtu, hakuwa mgeni. Lakini kwa msikilizaji asiyejua Kimaasai, sehemu yake ni sauti bila maneno. Basi mwanakundi aweza kuwa mwenyeji ilhali lugha yake ni ngeni.

Wagosi wa Kaya wa Tanga, waliovuma mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanaonyesha hali iliyo kinyume. Mgosi ni neno la lugha za eneo hilo lenye maana ya mwanamume, na kaya katika lugha hizo ni nyumbani. Katika Kiswahili cha takwimu, kaya ni kipimo cha sensa. Katika jina la kundi, ni mahali pa asili. Hapa lugha za nyumbani haziletwi na mwalikwa. Wenyeji wenyewe wamezibeba hadi katika jina lao.

4.0 Kisambaa Studioni

Kisambaa, kinachoainishwa na Guthrie kama G23, ni lugha ya toni. Kiswahili Sanifu si lugha ya toni. David Odden alieleza mfumo wa toni wa Kisambaa mwaka 1982, na Ruth Besha alichambua njeo na hali za lugha hiyo mwaka 1989. Fundi wa studio akiipandisha sauti nzima kwa kiwango kimoja, uhusiano wa toni husalia. Akizikata silabi na kuzipanga upya juu ya melodia nyingine, uhusiano huo huweza kuvunjika, na mzungumzaji wa Mlalo au Soni akabakiwa na maneno yenye utata. Katika tripu hopu, ambamo kukata na kupanga upya sauti ni mbinu ya msingi, hatari hiyo si ya kinadharia tu. Mwimbaji aweza kulipwa na jina lake kuandikwa, lakini kauli yake ikawa imepotea.

Historia ya Usambara inatoa kipimo kingine cha ugeni. Habari za Wakilindi, iliyoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, inasimulia jinsi Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, alivyowaua nguruwe walioharibu mashamba, akagawa nyama, na hatimaye akatawazwa Vuga. Ugeni wake ulikomeshwa na mchango wake pamoja na ridhaa ya wenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hii humfanya mgeni kuwa mtenda, jambo ambalo shirikisha humnyima.

5.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba ugeni katika albamu una ngazi tatu: ya sauti, ya utunzi, na ya lugha. Inapendekezwa kwamba mtafiti anayekusanya nyimbo zilizorekodiwa aandike kila ngazi peke yake, na ahakikishe pamoja na mwimbaji kwamba maneno yaliyosalia bado yana maana aliyoikusudia. Pasipo hatua hiyo, data ya Kisambaa itakayotolewa kwenye albamu itaeleza mkono wa fundi zaidi kuliko lugha ya Usambara.